Thorkild Bruun, Aliyeitia Siagi Mlango

Mpendwa wetu Thorkild Bruun alizaliwa tarehe 11 Februari 1947 hapa hapa Lohals, kisiwani Langeland, mtoto wa pili wa mvuvi Aksel na mkewe Ragnhild. Alisoma shule ya kijiji, kisha akajifunza biashara mjini Svendborg, ambako walimu walimsifu kwa hesabu na kuulalamikia mdomo wake.

Mwaka 1971 alichukua duka la vyakula lililopakana na ukumbi huu. Mwaka 1974 alimwoa Bodil, wakajaliwa Mette na Jeppe. Mkate uliopita tarehe hakuutupa, aliuuza nusu bei. Kila siku yake ya kuzaliwa alituambia, "Na mimi nimepita tarehe, lakini sijachacha!"

Mwaka 1998 akazitia friji zote za dukani, zilizokuwa wazi mbele, milango ya kioo, umeme usipotee bure. Lo! Kijiji kikachachamaa.

"Thorkild, ukiwafungia watu maziwa, watakata mguu dukani," Bodil alimwonya.

Jirani yetu Bi Asta ndiye aliyewaka zaidi. "Miaka yote nachukua siagi yangu bila hodi. Leo nibishe?"

"Bisha tu, mama. Siagi itakuitikia karibu."

Asta akasusa, na wengi wakamfuata kununua mjini Rudkøbing. Thorkild akakonda, nasi tukajua duka linafungwa.

Baridi ya mwaka ule boila iliyopasha joto ukumbi huu ikafa. Thorkild akaomba kuvuta bomba kutoka nyuma ya friji zake, ili joto lililokuwa likipotelea uani liingie humu. Kwenye karamu ya Krismasi Asta alikuja na makoti mawili. Akavua la kwanza, akavua la pili, akauliza joto linatoka wapi.

"Kwa siagi yako, mama."

Jumatatu yake Asta akawa wa kwanza dukani, akagonga kioo: "Hodi!" Thorkild, amejificha nyuma ya rafu, akaitikia kwa sauti nyembamba, "Karibuuu." Tulicheka hadi machozi. Wateja wakarudi, na mchezo ule ukawa wa kila wiki.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua. Alifariki tarehe 9 Januari 2024, hospitalini Svendborg, Bodil amemshika mkono.

Ameacha mjane Bodil, binti yake Mette, mwanawe Jeppe anayeendesha duka sasa, wajukuu watatu, na sisi sote tuliovua makoti humu leo.

Jana jeneza lilipofungwa, Bi Asta, mwenye miaka tisini na tatu, aligonga kifuniko taratibu. "Hodi, Thorkild."

Bodil ndiye aliyeitikia, kwa sauti ile ile nyembamba: "Karibuuu."

Pumzika kwa amani, Thorkild. Hujachacha.