Siga Mbili Mbele ya Lotiir

Mwaka wa sabini na tano benchi letu pale Lodwar lilikuwa ubao uliong'olewa kwenye lori bovu, ukawekwa juu ya mapipa mawili ya lami nje ya kioski cha Wahu. Wahu alikuja na mumewe, karani wa barabara, na mume alipohamishwa yeye akabaki na birika lake la kahawa. Kiplagat, dereva wa Landrova ya serikali, tulimwita Gia, kwa sababu alibadilisha hadithi kabla hujaishika ya kwanza. Mimi Omollo nilikuwa nikifunga vidonda zahanati, basi nikaitwa Daktari. Mwisho wa benchi, upande wa kivuli, alikaa Lotiir na gunia lake la tumbaku, na yeye jina lake lilikuwa Pua. Mpe jani moja anuse, atakwambia limetoka Kitale au limevuka mpaka wa kaskazini kwa punda, na kama lilinyeshewa njiani. Wachungaji walitembea kutoka Lopur na Kaaleng kununua kwake, wakipita maduka manne.

Asubuhi moja alikuja Shadrack, mfanyabiashara wa Kitale, na sanduku dogo la mbao. Hakuketi. Aliliweka juu ya ubao na kulifunika kwa kiganja.

— Hizi ndizo siga nilizowaambia, alisema. Si sigara za karatasi. Ni jani tupu kutoka nje mpaka ndani. Mzungu wa kambi ya uvuvi kule ziwani anavuta siga ya shilingi kumi. Hii yangu ni shilingi mbili, na ukimfunga macho hataona tofauti.

— Shilingi mbili kwa moshi! alisema Wahu. Nitakuuzia moshi wa jiko langu kwa senti kumi.

— Mama, wewe hujui siga, alisema Gia. Siga ya kweli inaviringishwa na wanawake juu ya mapaja yao. Jasho la paja ndio inaleta utamu.

— Paja la nani hilo?

— La huko Amerika. Halafu wanazizika chini miaka saba, kama maiti. Mzungu mmoja nilimbeba mpaka Kakuma, akavuta moja tu. Moshi ulikataa kutoka kwa gari. Mpaka leo, ukifungua mlango wa nyuma, uko pale umekaa kama abiria.

— Landrova yako haina mlango wa nyuma, nilimwambia.

— Ndio unaona! Hata mlango ulishindwa.

Wahu alicheka, lakini Shadrack hakucheka. Alikuwa anamtazama Lotiir.

— Nataka mtu wa kukaa ziwani aniuzie, alisema. Mshahara kila mwezi, na nyumba ya mabati. Lakini awe mtu wa kuniambia hii nzuri, hii mbaya, kabla mteja hajaniambia. Watu wote wananipa jina moja. Ndio nimekuja na sanduku.

Lotiir alijifuta mikono kwenye shuka. Mbuzi wake walikuwa wameisha kiangazi cha mwaka uliopita, akabaki na watatu. Mkewe Awoi alikuwa na mimba kubwa. Nilijua alivyohitaji ile kazi. Nilijua na jambo jingine, na hilo hakuna aliyelijua ila mimi na yeye.

Mwezi wa tatu Lotiir aliletwa zahanati na homa kali. Siku tisa alilala kwenye mkeka akitetemeka. Homa ilipomwacha alinijia na kipande cha tumbaku, akauliza, "Daktari, hii ni tumbaku ama ni udongo?" Nilimtia dawa ya matone puani wiki mbili. Hakusikia kitu. Hata chupa ya amonia niliyoishika chini ya pua yake ilimtoa machozi tu, harufu hakuipata. Akaniapisha kwa jina la mama yangu nisiseme. Tangu siku hiyo alikuwa akinunua kwa kubahatisha, na wateja walikuwa wameanza kunung'unika.

Tena jana yake Shadrack alikuwa amenipitia kazini. Aliniuliza kama Lotiir yu mzima. Nikasema ni mzima.

Sasa Shadrack alifungua sanduku, akatoa siga moja, nene kama kidole gumba, ya rangi ya kahawa. Akaipitisha mbele yetu polepole.

Ilinuka mafuta ya taa.

Haikuwa harufu ya kutafuta. Wahu aliinua uso. Gia alifungua kinywa, na Shadrack, akimpa Lotiir mgongo, akaweka kidole juu ya midomo yake: kimya. Hapo nikafahamu. Manung'uniko ya wateja yalikuwa yamefika Kitale. Siga hii ilisafiri karibu na debe linalovuja, na badala ya kuitupa, Shadrack aliiweka kwa kazi hii.

Lotiir aliipokea kwa mikono miwili. Akaiviringisha kati ya vidole, akaisogeza puani, akavuta pumzi ndefu. Kama ningekohoa, kama ningegusa mguu wake, angeelewa. Lakini Shadrack alikuwa amesimama juu yangu, na jana yake nilikuwa nimemwambia mzima.

— Ee, alisema Lotiir. Hii iko na asali.

Shadrack alimwashiria kwa kichwa aendelee.

— Asali, na ngozi ya ndama mpya, ile imekauka kidogo. Na chini kabisa, mbali, kuna kitu kama mvua. Hii ni siga ya mkubwa. Bwana Shadrack, hujadanganywa.

Wahu alitazama chini. Gia, ambaye sikuwahi kumwona akikosa neno, alikuwa anahesabu vidole vyake. Nadhani ule ukimya ulimtisha Lotiir, kwa sababu aliongeza haraka:

— Ngoja niwashe. Moshi itasema yenyewe.

Akaiweka mdomoni, akatoa kiberiti. Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili ikashika moto. Alikuwa anaisogeza karibu na uso wake, macho yamekazwa kwenye ncha ya siga, wakati mkono wangu ulipompiga. Njiti ikaruka mchangani, siga ikamwangukia mapajani.

— Wacha, Lotiir!

— Daktari, una wazimu?

— Wacha tu.

Alinitazama. Kisha akamtazama Wahu, na Gia, na Shadrack, akarudi kwangu, na nikaona jambo likimfikia usoni kabla sijalisema.

— Inanuka nini? aliuliza.

Wahu ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini kabisa:

— Mafuta ya taa, baba.

— Mingi?

— Imelowa.

Lotiir aliiokota siga, akaibonyeza, akajitazama vidole. Vilikuwa viking'aa kidogo. Alijifuta kwenye mchanga, kidole kimoja kimoja.

— Tangu lini? aliuliza Shadrack.

— Tangu homa. Mwezi wa tatu.

— Na Daktari alijua?

— Mimi nilimfunga mdomo. Niulize mimi, si yeye.

— Jana nilimuuliza yeye, alisema Shadrack, na hakunigeukia. Akavuta sanduku, akafunga kifuniko. Basi. Nimesikia.

— Wewe nawe ungemwacha ajichome uso! alisema Gia, ameruka juu. Hiyo ni biashara gani, bana? Hiyo ni mtego ya fisi!

— Nilitaka kujua.

— Ungeuliza!

— Niliuliza! Shadrack akapaza sauti. Nilimuuliza rafiki yake!

Gia alimshika shati. Wahu aliingia katikati na birika la moto mkononi, na wote wawili wakarudi nyuma.

— Nipe ile nyingine, alisema Lotiir.

Hakuwa amesimama. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na kwa sababu hiyo tuliisikia.

— Nyingine gani?

— Nzuri. Hukutoka Kitale na siga mbaya peke yake. Nipe. Halafu uende.

Shadrack alisita. Mwishowe akafungua sanduku na kumtupia moja. Lotiir hakuipeleka puani. Aliishika karibu na sikio, akaibonyeza kidogo, akasikiliza. Akapitisha ukucha juu ya jani la nje. Akaikata ncha kwa kisu, akavuta hewa kabla ya kuwasha, akatikisa kichwa. Kisha akawasha, akiizungusha juu ya moto mpaka duara lote likawa jekundu. Akavuta, akashikilia moshi mdomoni, akautoa.

Tulimngojea kama watu wanaongojea hukumu.

— Ulimi bado yangu, alisema. Ulimi inasema hii iko na pilipili mbele, na uchungu kidogo nyuma, kama kahawa ya Wahu ikikaa. Haichomi koo. Ona jivu: nyeupe, inakaa, haianguki. Inawaka sawa pande zote. Kwa shilingi mbili, hii si siga ya aibu.

— Sawa, alisema Shadrack.

— Sijamaliza. Hapa katikati hewa inapita kwa shida. Iko na kijiti ndani. Aliyeviringisha alikuwa na haraka. Na hii jani ya nje, imeanza kupasuka. Umetoka nayo Kitale siku ngapi?

— Nne.

— Hewa ya hapa inakunywa maji ya kila kitu. Wiki moja, sanduku yote itapasuka kama kisigino. Weka kwa chungu, na kitambaa mbichi, isiguse siga. Ama usilete tena.

Shadrack alichukua siga, akaipasua kwa kisu chake mwenyewe. Kijiti kilikuwa pale, kirefu kama njiti ya kiberiti.

— Unajua kazi, alisema. Sisemi hujui.

— Basi mpe! alisema Gia.

— Ningempa. Angeniambia mapema, hata kwa mkono huo na ulimi huo, ningempa. Lakini nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia hii mbaya, na yeye ameshika mbaya akaniambia asali, na ngozi, na mvua. Nani alimtuma kuongeza mvua?

Lotiir alikunja kisu chake.

— Njaa, alisema.

Shadrack aliweka sanduku kwapani. Nadhani alitaka kusema neno jingine, kwa sababu alisimama kidogo, lakini lori la Kitale lilikuwa linapiga honi, akaenda. Sikumwona tena Lodwar mwaka huo.

Nilianza kuomba msamaha. Nilisema sijui ningefanya nini, nilisema kiapo, nilisema mama yangu. Lotiir aliinua mkono.

— Daktari, ungeniacha nichomeke, siri yangu ingebaki kwako, nzima. Umepiga mkono. Inatosha.

— Nilichelewa.

— Ulichelewa, alikubali. Inatosha.

Wahu alitaka kutumiminia kahawa, lakini katika vurugu karibu yote ilikuwa imemwagika mchangani. Tuligawana kikombe kimoja.

Ndipo akatokea Ekuru, mzee wa Lopur, fimbo na kigoda mkononi, miguu myeupe kwa vumbi la njia ya siku mbili.

— Ejok, alitusalimu.

— Ejok-noi, tulimjibu.

Akachutama mbele ya gunia, akanyoosha kiganja.

— Lotiir, ya leo iko namna gani? Kali ama baridi?

Tulikuwa watatu pale wenye pua zinazofanya kazi, na hakuna kati yetu aliyejua kusoma tumbaku. Gia alitazama barabara. Wahu alisugua birika lililokuwa safi. Lotiir aliingiza mkono ndani ya gunia, akatoa jani, na nikaona mkono ule umeanza safari ya zamani kwenda juu, kuelekea uso. Ukasimama njiani.

Akauteremsha. Akalivunja jani vipande viwili, kimoja akakiweka katika kiganja cha Ekuru.

— Pua yangu imekufa, mzee. Nusa wewe, halafu uniambie.

Ekuru alitutazama mmoja mmoja, akidhani anachezewa. Hakuna aliyecheka. Basi akaweka fimbo chini, akakalia kigoda chake vizuri, akanusa. Lotiir alimwinamia, akingoja kufundishwa.