Njaa Waliyomsingizia Mungu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena, maana leo nimesimama nikiwa na hasira, na hata hivyo namsifu.

Mnanijua. Mimi ni Akello wa Fittja, ninayehudumia wazee majumbani mwao. Jumapili iliyopita, hapa hapa kanisani kwetu Norsborg, mhubiri wetu alizungumzia wale watoto wa Ethiopia tunaowaona kwenye televisheni, mifupa mitupu. Akasema njaa ile ni fimbo ya Mungu. Wengine mkaitikia amina! Mimi nikaondoka bila kugusa chakula cha pamoja. Leo nawaambia kwa nini.

Ndugu zangu, mimi nimemzika mtoto kwa njaa. Apio wangu, hata meno ya utoto hajang'oa. Kwetu kaskazini mwa Uganda mvua ilikuwa chache mwaka ule, ni kweli. Lakini wimbi, ule ulezi wetu wa uji, tulikuwa nalo ghalani! Wakaja askari, wakatuamrisha kwa Kiswahili tufungue, wakapakia kila kitu kwenye lori, hata mbegu. Ndiyo maana wengi kwetu hawataki kabisa kuisikia lugha hii ninayowasemesha. Apio alipofariki, waombolezaji walinishika mkono mmoja baada ya mwingine: "Ni mapenzi ya Mungu." Mchungaji akaniambia nitubu, pengine naadhibiwa. Mimi nitubu! Na aliyebeba magunia je? Huyo hakuna aliyemwambia atubu.

Nikakimbia nchi. Mama yangu alinililia kama anayelilia maiti. Nikafika huku Sweden, hapa Stockholm, jokofu limejaa, na mezani sikuweza kufumba macho niombe. Nimshukuru nani? Aliyemnyima mwanangu uji ndiye anipe mimi nyama? Nilikula tu, kimya kama ng'ombe. Kanisani nilikuja kwa ajili yenu, si kwa ajili yake.

Kisha nikapangiwa kazi kwa Mama Nora kule Akalla, upande wa pili wa jiji, bibi wa Kiairishi, mjane wa baharia Mswidi. Tulizungumza Kiingereza. Mchana mmoja nikamwandalia viazi vya kuchemsha na maganda yake, kama apendavyo. Akafumba macho, akaomba kwa sauti: "Bwana, asante kwa chakula hiki. Na waliokula chetu, unawajua."

Nikamuuliza, "Mama, hiyo ni sala gani?"

"Ya bibi yangu," akasema. "Alikuwa mtoto viazi vilipooza Ireland nzima. Viazi ndivyo vilivyooza, binti yangu. Ngano haikuoza. Ng'ombe hawakuoza. Vyote hivyo vilipelekwa bandarini, askari wakivilinda, na watu wanakufa barabarani, midomo imekuwa ya kijani kwa kula majani. Wakubwa wakasema ni mkono wa Mungu. Kaka zake wakapanda meli kwenda Amerika, na nyumbani wakafanyiwa matanga wangali hai, maana nani angewaona tena? Bibi alikataa kumtwisha Mungu mzigo wa wezi. Akaongeza maneno hayo kwenye sala ya chakula, nasi tukalelewa nayo."

Ndugu zangu, nilikaa sakafuni jikoni kwa watu nikalia kwa sauti! Kumbe wametufanyia hivi tangu zamani! Hata watu weupe kama maziwa, nchi yao ya mvua tele, waliambiwa uongo uleule! Nikamwambia Mungu: si wewe. Wewe ulitoa wimbi, likaota, tukavuna. Walionyang'anya ni askari! Siku ile nilikula viazi na Mama Nora, nikashukuru kwa mara ya kwanza tangu kaburi la Apio. Bwana alinifungua! Hasira haikuniisha, haleluya. Ilitoka kwa Mungu ikaenda kwa wezi wenyewe.

Mhubiri, ndugu yangu, sina ugomvi na wewe. Lakini usimsingizie tena Baba yangu mbele yangu. Na wewe uliyekaa hapo umemnunia Mungu kwa sababu ya kaburi fulani, mwangalie vizuri usoni. Mtumaini. Si yeye aliyekuibia.

Sasa nasikia harufu ya pilau, na wazee wa kanisa wameniomba niombee chakula. Nitaomba, na leo nitakula nanyi. Fumbeni macho. Nanyi mlioitikia amina Jumapili iliyopita, itikieni hii: Bwana, asante kwa chakula hiki. Na waliokula cha Apio, unawajua.