Historia ya Marehemu Metro Hrabovych na Mechi Yake ya Mwisho Bwawani

Baba Paroko, wafiwa wenzangu, na majirani wote mliofika katika baridi hii, mimi ni Orest, mdogo wake marehemu, na kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya kaka yetu Metro, kama Mungu alivyomjalia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 hapa Verbova, Manitoba, mtoto wa pili wa Mykola na Paraska, akabatizwa katika kanisa hili, akasoma shule ya kijiji na kisha sekondari, ambayo aliiacha mwaka 1970 kwa sababu, kama mwalimu alivyomwambia mama, kijana huyu hakalii kiti, na kweli hata humu ndani alisali akiwa amesimama nyuma, karibu na mlango.

Mwaka 1972 aliajiriwa kuendesha greda la kusukuma theluji barabarani, akaifanya kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 2013, na tarehe 21 Juni 1980 alifunga ndoa na shemeji yetu Darka, wakajaliwa watoto wawili, Taras na Larysa.

Mnamo Novemba 2023 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, daktari akamkataza baridi na michezo, naye shemeji akavificha ndani ya pipa la unga viatu vyake vya kutelezea barafuni, lakini kaka alizunguka nyumba nzima kama mtu aliyepoteza ufunguo, akifungua pazia kila mara kuangalia bwawa lililoganda.

Sasa nitasema jambo ambalo limesemwa chinichini wiki hii, ili lisemwe hapa mbele ya Mungu. Jumamosi ya tarehe 8 Februari mwaka huu, siku ya mashindano yetu ya hoki ya barafuni pale bwawani, baridi ilikuwa nyuzi thelathini na tatu chini ya sifuri, na marehemu aliruhusiwa kuja kukaa tu ndani ya kibanda cha kuotea moto, na ni shemeji mwenyewe aliyembebea vile viatu, akisema avishike tu mikononi, labda atatulia. Mnajua bwawani kwetu hakuna mwamuzi wala golikipa, anayepiga kisahani, ambacho ndicho mpira wetu, kikapotelea thelujini hukifukua mwenyewe, na timu ni ya watu wanne, ikibaki na watatu inatolewa. Lubomyr wa timu yetu ya wazee alikwenda kufukua chake, akateguka goti, na vijana wa timu pinzani wakaanza kucheka.

“Mmebaki watatu, wazee, nendeni mkanywe supu!”

Kaka alisimama kibandani, akamtazama mkewe.

“Usiniangalie hivyo, Metro,” shemeji alimwambia. “Unajua daktari alichosema.”

“Najua, Darka. Lakini humu ndani nimeshaanza kuoza.”

Shemeji akapiga magoti, na kwa kuwa vidole vya kaka havikukunjika tena vizuri, alimfunga kamba za viatu yeye mwenyewe, akamfanyia ishara ya msalaba kifuani, akasema, “Nenda basi, kichwa kigumu, na usikimbie.”

Alikimbia. Wale vijana waliuliza kama wamwekee babu kiti barafuni, naye akawajibu, “Wekeni vinne, mtavihitaji wenyewe,” akafunga mabao mawili, barafu ikiwa imemganda kwenye ndevu, na tukafungwa vilevile, akarudi akicheka.

Jumatano ya tarehe 19 Februari, saa sita mchana, moyo wake ulisimama hospitalini. Daktari alituambia kwamba moyo ule ulikuwa umechoka na ungesimama hata kama angekaa kitini, ila hakuweza kuapa kwamba baridi haikuuharakisha, na tangu hapo shemeji hajalala, anaitazama mikono yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa barabarani, majirani mliopika na kuchimba kaburi katika ardhi iliyoganda, na wale vijana waliolibeba jeneza.

Na wewe shemeji Darka, nakushukuru mwishoni kwa makusudi. Sisi ndugu zake tungemfungia mlango, naye angekufa akiwa dirishani. Mbele ya watu hawa wote, familia ya Hrabovych inakushukuru kwa kumfunga zile kamba.

Kaka Metro, sasa unaweza kukaa. Bwana akupe pumziko na amani yake.