Risala ya Wakulima wa Karibu Shambani Kuhusu Mchungwa Unaozaa Kila Mwezi

Mgeni rasmi, mheshimiwa mwenyekiti wa umoja wa wenye mashamba na wadau wa utalii wa kilimo. Viongozi mlioambatana naye. Wakulima wenzetu mliotoka mbali. Mabibi na mabwana.

Risala hii si ile uliyotumiwa nakala wiki iliyopita. Ile ilipigwa chapa vizuri na ilikuwa na shairi mwishoni. Hii imeandikwa kwa mkono leo asubuhi, juu ya kreti la machungwa, na wino umebadilika katikati kwa sababu kalamu ya kwanza iliisha. Ukiona katibu wetu anakwama, si kwamba hajui kusoma. Anaogopa, na sisi tuliosimama nyuma yake tunaogopa vilevile.

KUKUKARIBISHA

Karibu sana, mama. Tumefagia njia, tumepaka mawe chokaa, na vyoo vya wageni vina maji. Hayo ni kweli, na unaweza kwenda kuyatazama. Tunayasema mapema kwa sababu baada ya muda mfupi utajiuliza lipi katika maneno yetu ni la kuaminika.

TULIKOTOKA

Tuko wanachama thelathini na mmoja. Zamani tulikuwa wakulima wa machungwa kama wengine wote: tunavuna mara moja kwa mwaka, wote kwa mpigo, na mnunuzi anajua tunavuna kwa mpigo, kwa hiyo anakuja amekunja mikono na kuangalia pembeni. Ndipo umoja wako ukatuletea wazo la kufungua mashamba yetu kwa wageni. Tulicheka. Mwenzetu mmoja aliuliza, "Mtu apande basi aje kuniangalia mimi nikipalilia? Kwao hakuna majani?"

Lakini watu wako walikuwa na subira. Walirudi mara nne. Walitufundisha kutengeneza njia za kupita, kuweka mabenchi kwenye kivuli, kumweleza mgeni habari za udongo bila kumsinzisha, na kumwambia karibu kabla ya kumwambia kiingilio. Hilo halitasahaulika hapa, hata baada ya leo.

MAFANIKIO

Wageni walikuja. Basi la kwanza lilikuwa la walimu wastaafu, na walikuja mwezi ambao juu ya miti hakuna hata chungwa moja. Kwenye tangazo tulisahau kuandika msimu. Wakashuka wakicheka, kila mmoja na kikapu chake.

Tunaomba uelewe hapa, mama: ilianza kwa haya ya mwenyeji, tamaa ilikuja baadaye. Mwanachama wetu ambaye ni fundi cherehani alisema, "Hawa wazee wametoka mbali. Hawaondoki hapa na vikapu vitupu labda niwe nimekufa." Akamtuma mume wake sokoni wakati walimu wanakunywa chai. Yakaletwa machungwa yenye vikonyo na majani, yakafungwa kwa uzi wa kijani kwenye mti ulio kando ya njia. Walimu wakachuma, wakapiga picha, na mmoja wao akafuta machozi. Alisema tangu azaliwe hajawahi kuchuma tunda kwa mkono wake.

Tukaapa ni mara moja tu. Kufika basi la tano tulikuwa na zamu za kufunga. Muuza matunda alituuliza ni mkulima gani anayenunua machungwa, tukamwambia tuna msiba. Akatupa pole na kutuongezea matano. Mtoto wa mgeni mmoja aliuona uzi, tukamwambia ni wa kufukuza ndege, na baba yake akaandika kwenye daftari.

Kisha ukaja wewe, mama, bila kujitambulisha. Ukachuma moja, ukalimenya palepale, na baadaye ukaandika katika jarida la umoja kwamba umeuona mchungwa unaozaa kila mwezi. Chungwa ulilokula lilifungwa na fundi cherehani aliyekaa kushoto kwako, mwenye kilemba cha bluu. Ameomba tusimtaje. Tumemkatalia.

Tunaona umeinuka. Tunakuomba ukae, mama. Penyewe hatujafika.

Baada ya makala yako mabasi yaliongezeka. Tumejenga banda, tumepata tangi la maji, na vijana wetu wawili wamerudi kutoka mjini kuongoza wageni. Yote uliyoonyeshwa leo asubuhi yametokana na machungwa ya sokoni.

CHANGAMOTO

Barua yako ya kutuarifu kuhusu siku ya leo ilisomwa mbele ya kikundi kizima. Ukurasa wa kwanza ulisema tutapewa cheti cha shamba la mfano. Vigelegele vikapigwa, mwenyekiti wetu akabebwa juu juu, na ukurasa wa pili haukusomwa na mtu. Uliingia kwenye faili ukiwa umekunjwa.

Jana adhuhuri likaingia lori. Wakashuka watu wenye mikasi ya kukatia matawi na magunia yaliyoloweshwa maji. Dereva akauliza, "Jamani, ule mti wenyewe ndio upi? Tumefuata vijiti vya kubebeshea miche. Mashamba kumi na tisa yanasubiri."

Mwenyekiti akacheka, akidhani anataniwa.

"Usicheke, mzee," dereva akamwambia. "Kule kwetu watu wameshaanza kukata michungwa ya zamani kuupisha huu. Shemeji yangu kaangusha kumi na saba."

Mwenyekiti alikwenda kwenye faili, akausoma akiwa amesimama ule ukurasa wa pili, uliosema vijiti vya mti wetu vitaungwa kwenye miche ya mashamba kumi na tisa, kisha akaketi chini na suruali yake safi. Mama mmoja alikuwa akirudia, "Kumi na saba, kumi na saba," hadi tukamshika mkono. Wakati sisi tumeduwaa, wale vijana wa lori wakauona mti wenyewe, wakakata vijiti na kuvipakia.

Na kuna baya zaidi ya hilo. Mti ule tuliuchagua kwa sababu uko kando ya njia na matawi yake yako chini, hata mtoto anafika. Sisi wenyewe tunauita Goigoi. Hata msimu ukiwa mzuri hautoi machungwa ya kujaza ndoo, na hayo machache ni makavu, mbegu tupu. Mwaka ule waliokuja walimu tulikuwa tumepanga kuukata uwe kuni. Wataalamu wawili wa umoja walipokuja kuuthibitisha, walipiga picha matunda na kushukuru. Hatuwalaumu, kwa sababu tuliwawahi na chai kabla hawajauona uzi.

Jana hiyohiyo tulikaa bandani. Mwenyekiti akapendekeza tuseme mti umeugua ghafla. Mwingine akasema tubadilishe vijiti kimyakimya, tuweke vya mti mwingine, nani atajua? Wengi wetu tuliinua mikono kwa hilo, tunakiri. Mama wa kitalu, anayebebesha miche yetu yote, hakuinua wake.

"Mchungwa wa kubebesha unangojewa miaka mitatu, minne," alisema. "Mtu akae miaka minne anamwagilia, kila mwezi anachungulia kama umezaa, eti kwa sababu ninyi mliona haya? Mimi kisu changu hakimo. Njia ya mwongo fupi, na hapa ndipo ilipoishia."

Mikono ikaanza kushuka. Wa mwenyekiti ulishuka wa mwisho, lakini ulishuka.

Leo asubuhi, kabla hujafika, yule shemeji wa dereva alikuja mwenyewe kutushukuru. Alituletea kapu la machungwa, mavuno ya mwisho ya miti aliyoikata. Akakaa nasi, akatumenyea moja moja na kutuwekea mkononi. Tulikula, mama. Ni matamu kuliko chungwa lolote lililowahi kuota katika mashamba yetu. Kila mmoja alimtazama mwenzake amwambie ukweli, hadi kapu likaisha. Amekaa safu ya tatu, na anayasikia haya sasa hivi pamoja nawe.

MAOMBI

Katika risala ile ya kwanza tuliomba barabara na mashine ya kukamua juisi. Tunayaondoa yote mawili.

Tunaomba lile lori, ambalo bado liko hapa, lisitoke. Dereva azime injini, vijiti vishushwe, vichomwe hapa mbele ya macho ya watu. Mashamba yote kumi na tisa yapigiwe simu leo kabla hatujala, ili ambaye hajashika shoka asilishike. Aliyekwisha kukata, sisi tuna michungwa kumi na mmoja bondeni ambayo ni mizuri kweli, inayozaa mara moja tu kwa mwaka kama Mungu alivyoipangia. Mama wa kitalu atambebeshea miche bure, na mashimo tutakwenda kuyachimba wenyewe.

Cheti usitupe. Ukitufuta katika umoja hatutalalamika. Ila tunakusihi usiyafungie milango mashamba mengine kwa kosa letu, kwa sababu jambo ulilotufundisha ni jema na lina faida. Mwezi uliopita mgeni mmoja alisimama saa nzima akimtazama mama wa kitalu anavyochanja shina na kufunga kijiti. Chungwa hakuliulizia. Alirudi wiki iliyofuata na mke wake na dada zake watatu. Kumbe tungeweza kuwaambia wale walimu kwamba huu si msimu, njooni mwone tunavyofanya kazi, nao wangefurahi. Tunaumia sana tukilifikiria hilo.

Ombi lililobaki si lako, mama. Tunaomba ruhusa yako tumgeukie mzee wa safu ya tatu.

Mzee wetu, wakati ukitumenyea ulituambia kwamba miti yako ilipandwa kwa mbegu na baba yako, na kwamba keshokutwa unapeleka vibarua kung'oa visiki. Usiving'oe. Mama wa kitalu anasema mchungwa wa mbegu ukikatwa, kisiki huchipua, na kinachochipua ni mti uleule. Tupe nafasi tuje kuvifunika majani na kuvimwagilia. Na kama hutaki kutuona shambani kwako, jambo ambalo ni haki yako, tuonyeshe mpaka tu. Tutaleta maji kila jioni, tutayaweka mpakani, na tutaondoka bila kubisha hodi.

Mungu akulinde, mgeni rasmi, akurudishe salama na akupe moyo wa kuyapokea haya. Awape nguvu waliokata miti yao kwa kutuamini. Nasi atusamehe, kama nanyi mtaweza.

Ni sisi, wanachama wote thelathini na mmoja wa Kikundi cha Karibu Shambani, tuliotia sahihi kila mtu kwa mkono wake, fundi cherehani akiwa wa kwanza.