Bi. Nyanchama na Benchi la Wakwe

Baada ya miaka kumi na tisa ya kuutunza ukumbi wetu wa jamii hapa mjini Kisii, Bi. Nyanchama Ongeri anastaafu tarehe 30 Juni 1978. Mimi Alfayo, karani wake, nimeombwa niandike machache ya kuchangamsha. Nitajaribu, ingawa nimechoka, naye amechoka kunishinda.

Aliajiriwa mwaka 1959 kufagia. Kufikia 1968 ndiye aliyeshika funguo zote, na alasiri za Jumamosi aliwafundisha akina mama ishirini na wawili ngumbaru, yaani kusoma na kuandika ukubwani, kwa ubao uliopasuka katikati.

Mwaka 1972 ikaja televisheni. Jumamosi, darasa likiisha, wanaume tuliingia kutazama mchezo wa kuchekesha wa Bi. Mapepe: mke mbea, mpenda nguo, kichwa kitupu. Siku aliyojaribu kujifunza kusoma aliunguza ugali, na mumewe akamcharaza kwa mwiko. Tulicheka hadi machozi. Tangu hapo kila mwanafunzi wa ngumbaru aliyepita mlangoni tulimwita Bi. Mapepe. Miezi miwili tu, darasa likabaki na watano.

Bi. Nyanchama alilalamika kwa kamati ya ukumbi, akaambiwa ni utani tu. Hakugombana na mtu. Alizunguka vijijini hadi Magwagwa, akawaalika mama wakwe zetu waje waone televisheni, akawawekea benchi la mbele.

Sisi Wagusii tuna chinsoni, ile heshima na haya kati ya mtu na wakwe zake. Mama mkwe humpi hata mkono, sembuse kukenua meno mbele yake mke wa mtu akipigwa. Walipoingia mimi nilikuwa nimekwisha kukaa. Mwiko ulipoanza kazi, mama mkwe wangu aliuliza, bila kumtazama yeyote:

“Huyo anayepigwa ni binti wa nani?”

Tulitoka mmoja mmoja, macho chini.

Msidhani tulitubu. Tulihamia baa moja yenye televisheni, na hadi leo Bi. Mapepe anacharazwa huko na watu wanacheka. Ukimpongeza Bi. Nyanchama kwa ushindi ule, atakujibu kwamba alihamisha kelele tu. Hata hivyo, wanafunzi kumi na sita walirudi darasani, na wengi wao leo wanajiandikia barua.

Wa kumi na saba hakurudi. Ni mke wangu, Bochaberi. Jina lile nilimwita nyumbani pia, mbele ya watoto, nikiona ni mzaha. Bi. Nyanchama alipanda kilima cha Nyanchwa hadi kwetu mara tatu kumbembeleza, na mara zote tatu mke wangu alimwambia kazi ni nyingi. Kosa lilikuwa langu, na naona aibu.

Ahsante, Bi. Nyanchama. Nenda kwako Gesima ukapumzike, chai yako istawi na wajukuu wakutunze. Bochaberi anakusalimu. Ameukuta ukurasa huu mezani, akaniuliza umeandikwa nini. Itanibidi nimsomee.