Karamu ya Mwalimu Jedida, Niliyoigeuza Kalamu

Mwalimu Jedida Randu anastaafu tarehe 31 Desemba 1987, baada ya kufundisha miaka thelathini na moja, na mimi, Simeon Thuku, karani wa shule, nimemkosea. Kamati imenipa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu mashine ya chapa iko kwangu. Tangu nipewe, usingizi haunijii vizuri.

Alianza kazi Malindi, akaja hapa Tezo mwaka 1968. Mtoto akiharibu insha, hakumchapa. Alimwambia asimame aisome kwa sauti, na darasa likicheka, yeye alicheka wa mwisho. Timu yake ya mashairi ilirudi na ngao kutoka Mombasa mara mbili. Sisi wageni wa bara alitufundisha hata kula samaki bila kugombana na miiba.

Mimi ni mtu wa Murang'a, na r na l hunichezea mdomoni. Nikiomba kalamu nasema "karamu", na walimu wananiuliza harusi ni ya nani. Jedida peke yake hakuwahi kuniuliza.

Mwaka 1984 aliandika shairi juu ya ile picha mashuhuri ya Karamu ya Mwisho, ambayo nakala yake imetundikwa bwaloni kwetu. Aliona kwamba Yesu na wanafunzi wake wote wamekaa upande mmoja wa meza, na upande wa huku hakuna mtu. Akaandika:

Upande huu kwa nini, hawakuketi wageni?
Karamu iwekwe chini, tule sote mkekani.

Nilipokuwa nalichapa kwa jarida la shule, nikaona "karamu", nikafikiri leo Mwalimu naye kateleza kama mimi. Nikamsahihishia, tena kwa furaha: kalamu iwekwe chini.

Afisa wa elimu akalisoma. Mwaka ule neno mgomo halikutajwa hata kwa mzaha. Mwalimu mkuu wa wakati huo akaniita, akataka nimweleze maana yake. Niliogopa kuonekana mjinga, nikafasiri: walimu waache kazi, wakae kwenye mikeka wale. Mwalimu Jedida akapewa onyo, na chama cha mashairi kikavunjwa.

Jioni alikuja ofisini kwangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akasema, "Thuku ndugu yangu, mimi nimekaribisha watu kula, wewe umewagomesha."

Alidhani nitakwenda kumwambia mwalimu mkuu ukweli. Sikwenda. Nilikuwa na watoto, na nyumba ninayokaa ni ya shule. Niliogopa kufukuzwa. Yeye hakunitaja kwa mtu.

Sasa shule moja ya wasichana kule Kibarani inamtaka akawafundishe Kiswahili akishastaafu, lakini lile onyo limewatia shaka. Wanaamua Ijumaa, tarehe 4 Desemba.

Maana ya shairi ni hii: meza imejaa upande mmoja tu, basi chakula kishushwe mkekani, hata aliye mdogo akifikie. Ndivyo alivyofundisha siku zote.

Mwalimu, tunakushukuru. Mungu akupe afya, na huko uendako upate watoto wa kucheka nao. Jumatatu tarehe 30 Novemba, kabla ya saa sita mchana, nitasimama mbele ya afisa wa elimu pale Kilifi, nimwambie mwenyewe kwamba neno lile lilikuwa langu, na fasiri yake pia.