Mwalimu Hakubeba Begi

Ndugu zangu wa shirika, amani iwe katika nyumba hii iliyotupokea leo, na mama mwenye nyumba nisameheeni kwa kiti chenu kinacholia. Nitapita kukitengeneza. Mimi ni seremala, siwezi kukaa juu ya kitu kama hiki nikanyamaza.

Mumecheka. Vizuri. Munajua kwamba kwa muda mrefu sikuchekesha mtu. Mulikuja kwangu, mukaimba, mukasali, mukaenda, na mimi sikufungua kinywa. Leo mwenyekiti ameniomba niseme jinsi nilivyotoka katika kimya kile. Nitasema kwa mpango, na sitataja jina la mtu, kwa sababu wengine wako hapa na wengine hawakunipa ruhusa.

Bibi yangu, mke wangu wa ndoa, munamjua. Alifundisha katika shule ya watoto viziwi, wale ambao sisi mtaani tunawaita bubu, na yeye alikuwa anatukataza kuwaita hivyo. Darasa lake lilikuwa na wadogo na wakubwa pamoja, kwa sababu mwalimu alikuwa mmoja. Wengine walitoka hapa Kadutu, wengine wametoka mbali, Kalehe, hata Minova, wanakaa kwa shangazi na kwa wajomba ili wasome.

Ndugu zangu, nawaambia jambo ambalo wengi hatulijui. Shule ile haikukosa walimu kabisa. Walimu walikuja. Kijana anatumwa pale, bado hana gradi, cheo chake cha ualimu, serikali haijamtambua. Anajifunza alama chache za mikono, anaanza kuelewana na watoto. Halafu siku moja gradi yake inatoka, lakini inatoka pamoja na nafasi katika shule nyingine, shule ya watoto wanaosikia. Anaenda. Simlaumu. Nyumbani kwake wanamngoja. Anawanunulia watoto biskuti, anabeba begi lake begani, anatoka mlangoni.

Watoto waliona hayo mara nyingi mpaka wakayatengenezea alama. Munaona? Hivi. Unakamata mkanda wa begi begani, unauvuta, unageuka. Maana yake: mwalimu ametuacha.

Bibi yangu naye alipata gradi. Walitaka kumfanya direktrisi msaidizi, mkubwa wa pili, kwenye shule moja upande wa Katana. Alirudi jioni, akaniambia huku anachambua majani ya sombe, kana kwamba ananipa habari ya mvua. Nikamwambia:

“Bibi, gradi haikuji kila mwaka.”

“Niko najua.”

“Sasa?”

“Sasa nikienda, nani atabaki na bale batoto?”

“Watatuma mwengine.”

“Atakuja, atajifunza kusema ‘maji’ na ‘kaa chini’, kisha ataenda. Papa, wewe mbao zako zinaweza kukungojea. Mimi niko na bantu.”

Nilinuna siku hiyo, nikala sombe bila kusifu. Lakini nilimjua. Alikwenda kukataa, akarudi darasani kama kawaida. Watoto hawakuambiwa. Yalikuwa mambo ya wakubwa.

Jioni alikuwa anajizoeza alama mpya mbele yangu, na mimi nalazimishwa kujibu. Ndivyo nilivyojua kidogo. Alama za nyumbani: chakula, mvua, umechelewa, nimechoka, unanidanganya. Ile ya mwisho niliijua vizuri kuliko zote, maana ndiyo aliyonifanyia zaidi.

Aliugua wakati wa likizo kubwa, na ugonjwa haukumpa nafasi. Tulimzika likizo haijaisha. Kilio na matanga yake mulikiona. Walimu wa shule walikuja, direktrisi alikuja, watu wa mtaa mulijaa mpaka barabarani. Watoto wa darasa lake walikuwa wametawanyika kwao. Hakuna aliyewafikiria, na hata kama tungewafikiria, nani angewaambia? Kwa mikono ipi? Mwenye mikono hiyo ndiye tuliyekuwa tunamzika.

Baada ya hapo ndipo nilipoanguka. Sikulewa, sikupigana na mtu. Nilinyamaza tu. Nilifunga atelye yangu ya mbao. Kitanda cha mteja kilibaki nusu, miguu miwili imesimama, miwili imelala chini. Mtu akiniuliza habari ya bibi yangu, hasa wageni wasiojua, nilisema, “Hayuko.” Munajua sisi tunavyosema: hayuko, kama mtu aliyekwenda sokoni. Neno lingine sikulitumia. Kilio chote, nyimbo zote zile, sikutoa chozi. Watu walisema, “Papa ni mwanaume, amejikaza.” Hapana, ndugu zangu. Sikujikaza. Nilikuwa nimekauka.

Shule zilifunguliwa. Siku moja direktrisi akaja kwangu. Alikaa pale kwenye kibao cha mlangoni, akapumua kwanza, maana kilima chetu munakijua.

“Papa, pole tena. Nakuja na shida.”

“Karibu, mama.”

“Tumepata mwalimu. Mudada, bado kijana, iko na diplome ya muzuri. Lakini alama hajui. Na batoto bamemukataa.”

“Wanamkataa namna gani?”

“Banafunga macho.”

Nikaelewa. Mtoto anayesikia akikukataa anaziba masikio. Yule asiyesikia anafumba macho, na hapo hata kama ungekuwa na diplome zote za Bukavu, umemaliza.

Akaniambia pia kwamba inspekta alikuwa amepita. Hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwamba darasa lisilofundishika haliwezi kushikilia nafasi ya mwalimu wakati shule nyingine zinalia. Angerudi. Akikuta bado macho yamefumbwa, mwalimu atapelekwa kwingine na watoto watarudi kwao. Wa Kalehe Kalehe, wa Minova Minova. Na munajua mtoto kiziwi akirudi nyumbani anafanya nini. Anachunga mbuzi, anachota maji, anazeeka.

“Mama,” nikasema, “mimi si mwalimu. Nilimaliza shule ya msingi, nikajifunza mbao.”

“Sikutafuta mwalimu, papa. Natafuta mwenye anaweza kubauliza swali moja: muko na nini?”

Nilikataa. Alikwenda. Siku iliyofuata akarudi, safari hii na yule mwalimu mwenyewe. Binti mwembamba, viatu vimejaa matope, sauti imekauka kama yangu. Akanisalimu kwa heshima, kisha akasema:

“Papa, tangu siku ya lundi nafundisha kope za macho. Zote zinanijua sasa.”

Sikucheka, lakini kitu kilisogea ndani yangu. Nikaenda kutafuta viatu vyangu.

Darasa lile nilikuwa nimeliingia zamani, kwa sababu vibao vya kukalia ni mimi niliyevitengeneza. Nilipopita mlango, watoto wakainuka. Walinijua. Kisha wote wakatazama nyuma yangu, kuona kama kuna mtu anayenifuata. Hapo nilitaka kugeuka nirudi nyumbani.

Kuna binti mmoja mkubwa, ametoka upande wa Kalehe. Bibi yangu alimpokea akiwa hajui hata alama ya jina lake. Nikamuuliza kwa mikono yangu mibovu: muko na nini?

Alipangusa mkono wa nguo, hivi. Ndilo jina walilompa bibi yangu, kwa sababu kila wakati alikuwa anajipangusa chaki. Kisha akafanya begi begani. Kisha akafanya ile alama ninayoijua kuliko zote: alitudanganya.

Akaendelea, polepole, kama mtu anayesema na mtoto, ili nielewe. Mwalimu alituambia yeye hataenda. Wengine waliondoka, yeye alisema hataenda. Tumerudi kutoka likizo, hayuko. Hata biskuti hakuleta. Na huyu naye ataenda. Tumwangalie kwa nini?

Nikatazama vibao vyote. Wadogo walikuwa wanafanya begi, begi, begi, wamekasirika.

Ndugu zangu, mimi ningeweza kuvumilia mengi. Ningeweza kuvumilia kitanda kitupu. Lakini bibi yangu, aliyeacha gradi kwa ajili ya watoto hawa, awekwe pamoja na walioondoka? Hapana. Na hakukuwa na mtu mwingine wa kusema. Direktrisi alikuwa amesimama hajui kinachosemwa. Mwalimu kijana vilevile. Nilikuwa mimi tu, na jambo ambalo sikuwahi kulisema.

Kwa mikono huwezi kusema “hayuko” na kujificha nyuma yake. Wao walijua kwamba hayuko. Ilibidi niseme lenyewe. Kiganja kimoja kinatazama juu, kingine kinatazama chini, halafu unavigeuza pamoja, kama mtu anayegeuka upande kitandani. Niliinua mikono. Nikaishusha. Binti akaanza kufumba macho.

Nikaipiga meza, ile meza niliyoiranda kwa mikono hii, na mtikisiko ukamfikia, akatazama. Nikafanya. Kupangusa mkono wa nguo: yeye. Kiganja juu, kiganja chini, vikageuka. Amekufa.

Nikafanya tena. Amekufa. Aliugua. Hakwenda. Walimwita Katana awe mkubwa, alikataa, kwa ajili yenu. Hakubeba begi.

Kisha binti wa Kalehe akauliza: lini? Nikamjibu. Wapi? Nikamjibu. Akauliza: na sisi kwa nini hatukukaa kilio?

Nikamwambia: sijui. Mukae sasa.

Wakashuka kutoka kwenye vibao, wakakaa chini sakafuni, wadogo wakilalia wakubwa, kama tunavyokaa sisi. Nikakaa nao. Yule mwalimu kijana, ambaye hakuwa ameelewa alama hata moja, alitutazama, akavua viatu vyake vya matope, akashuka naye chini. Hakuna aliyeimba. Mtoto mmoja akapangusa mkono wa nguo. Mwingine akapangusa. Wote wakapangusa, tena na tena, na kilichosikika ni nguo tu. Mwalimu kijana naye akapangusa, bila kujua kwamba anataja jina la mtu.

Ndipo nilipolia. Pale, si nyumbani kwangu mulipokuwa mumejaa. Nililia mpaka direktrisi akanishika bega.

Inspekta alirudi, akakuta macho yamefunguliwa. Mwalimu anaandika ubaoni, mimi nimesimama pembeni yake nahamisha maneno kwa mikono, na watoto wananirekebisha nikikosea, maana nakosea sana. Akaniita nje.

“Papa, uko na diplome gani?”

“Sina, muheshimiwa.”

“Gradi?”

“Seremala.”

Akacheka kidogo, akajikuna shingo. “Seremala siwezi kumuweka darasani, papa. Hiyo nafasi haiko.”

Mwalimu kijana akatokea mlangoni na chaki mkononi. “Nafasi ni yangu, muheshimiwa. Mimi ndio mwalimu. Lakini papa asitoke karibu yangu.”

Inspekta alitazama ndani, akamwona binti wa Kalehe anawanyamazisha wadogo. Akasema darasa libaki. Zaidi ya hapo hakuwa na uwezo.

Sitawaambia kwamba mambo yamekaa sawa. Mwalimu bado ni mmoja kwa watoto wote wale, na mimi si mwalimu. Hesabu za vipande vipande, nusu na robo, zikianza, mikono yangu inapotea. Asubuhi niko shuleni, mchana atelye. Kitanda kile kilipata miguu yake yote, na mwenye kitanda, aliyeningoja bila kunitukana, yuko hapa. Aksanti, papa.

Nilimuuliza yule mwalimu: gradi yako ikitoka na nafasi ya kwingine, utaenda? Akasema, “Papa, siyuwi. Sitakudanganya.” Nikamwambia awaambie watoto vilevile. Tuliwaambia pamoja. Hawakufumba macho.

Kwa hiyo nawashukuru. Direktrisi aliyepanda kilima kile mara mbili. Mwalimu aliyevua viatu. Binti aliyenifundisha kuuliza na kujibu. Na ninyi wa shirika, akina mama mulioosha sahani zangu mukaondoka bila kudai nizungumze. Nilikuwa naona, hata kama sikusema.

Somo langu ni dogo. Kama kati yenu kuna mwenye sikio la wakubwa wa elimu, amwambie kwamba gradi ya mwalimu wa watoto hawa imkute palepale darasani, isimtoe. Hayo mengine ni yetu sisi wote: mtu akifa, watoto nao waambiwe, kwa mikono au kwa mdomo. Tusiwaache wajitafutie sababu wenyewe.

Na mukikutana na mtoto wa darasa lile pale sokoni Kadutu, akajipangusa mkono wa nguo hivi mbele yenu, anauliza kama mulimjua. Mujibu kwa kichwa: ndiyo. Na sasa fanyeni pamoja nami, inueni mikono, musiogope. Kiganja juu, kiganja chini. Geuzeni.

Ndivyo. Ile ya begi musiifanye.